Tulisema Ametulia

Mwaka 2019 mama alipeleka nia parokiani, misa ya shukrani, kwa ajili ya kaka yangu. Hakuwa amepona ugonjwa wala hakuwa amepata kazi, mama alikuwa anamshukuru Mungu kwa sababu kaka ametulia. Miaka 37 ya kelele ilikuwa imekwisha, hapigani, habishani, hamtukani mtu, kwenye vikao vya ukoo anakaa pembeni na soda yake mpaka kikao kinaisha na ukimuuliza maoni anasema sawa tu, nyie amueni. Mjomba akasema ni umri jamani, umri unafundisha. Mi mwenyewe nilichangia elfu ishirini ya hiyo misa na nikaimba kwa nguvu zote.

Kumbe kaka hakuwa ametulia. Kaka alikuwa anaumwa sonona, ule ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu raha na nguvu, na alikuwa anaumwa huku sisi tunashangilia.

Aliyegundua ni fundi mwenzake. Kaka ni fundi umeme wa magari, ana kibanda chake kwenye gereji moja huku Tabata, sasa 2021 mwezi wa nane jamaa mmoja wa pale akanipigia akasema dada samahani, braza wako leo siku ya nne hajaonekana, simu inaita hapokei, na kuna gari ya mteja imefunguliwa dashibodi yote waya ziko nje. Hiyo ya waya ndo ilinishtua. Kaka anaweza kugombana na mteja mpaka wakashikana mashati, lakini hajawahi kuacha gari ya mtu imefunguliwa akaondoka.

Nilimkuta chumbani kwake saa nane mchana, pazia limefungwa, amelala chali anaangalia dari, sufuria ya ugali imeota ukungu. Akaniambia mdogo wangu nimechoka. Hapo ndo nikakumbuka kwamba hilo neno alikuwa ananiambia kwenye simu labda mwaka mzima na kila mara namjibu pole, pumzika, halafu naendelea na mambo yangu.

Daktari aliyempokea ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Akamuuliza usingizi, chakula, kazi, akamuuliza wazi bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujidhuru, kaka akanyamaza, akasema ndio, na mimi nikaangalia sakafu. Halafu akanigeukia akaniuliza, utotoni alikuwaje huyu? Nikacheka. Nikasema daktari huyu alikuwa mkorofi balaa. Yeye hakucheka, akaandika, akaniuliza tena: mkorofi wa namna gani?

Sikujua kama ukorofi una namna.

Tumekulia Morogoro, yeye amezaliwa 1982 mimi 1985, shule moja, kwa hiyo sifa zake zilinitangulia kila darasa, mwalimu akisikia jina la baba yangu anauliza we ni mdogo wake yule? na nikisema ndio uso unabadilika. Kama umesoma shule ya msingi Tanzania unaijua karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anabaki na kipande cha karatasi, ukinong'ona jina linaandikwa, ukiendelea unaongezewa x, mwalimu akirudi kila x ina fimbo yake. Kaka alikuwa anaandikwa kabla hajafungua mdomo. Kuna siku alikuwa nyumbani na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, jioni mtoto wa jirani akaja kumwambia umeandikwa, una x tatu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, hata yeye alicheka, na mpaka leo hiyo ni hadithi ya familia, inasimuliwa hadi kwenye misiba.

Ila nilipokaa na lile swali la daktari nikaona kwamba kaka hakuwa mwizi, hakuwa mtoro, hakuwa anaonea wadogo. Kosa lake lilikuwa hasira. Ukigusa kalamu yake, moto. Uji ukiwa wa moto sana, bakuli linaruka. Akifungwa gololi anazitupa zote mtaroni, zake na zenu, halafu nusu saa baadaye unamkuta amekaa nyuma ya choo analia peke yake na ole wako umuulize unalia nini. Hiyo ya nyuma ya choo hatuisimulii kwenye misiba.

Na ilizidi 1994, baba alipopunguzwa kazi kiwandani. Wenyeji wa Morogoro mnaukumbuka ule upepo, viwanda vinabinafsishwa, vinafungwa, watu wanarudi nyumbani na kiinua mgongo kisichofika hata Pasaka. Baba akawa anashinda nyumbani hana la kufanya, mama akawa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuuza maandazi na mchana anaunganisha na mitumba, na kaka ana miaka kumi na mbili, amekaa katikati ya hiyo nyumba na hasira zake. Akichapwa shule kwa kupigana, akifika nyumbani anachapwa kwa kuchapwa shule. Ikishindikana anaitwa mjomba, maana kwa sisi Waluguru mjomba ana sauti kuliko hata baba, anashuka kutoka Matombo na bakora yake mwenyewe, hatumii za kwetu. Darasa la saba 1997 hakuchaguliwa. Hakuna aliyeshangaa, nadhani hiyo ndo iliyomuuma kuliko kufeli kwenyewe.

Sasa mi ni mhasibu, sio mtu wa afya, ila usiku ule wa kwanza nikiwa kwenye benchi la hospitali na bando la elfu moja nilianza kusoma na sijaacha mpaka leo.

Kuna mji kusini mwa New Zealand unaitwa Dunedin. Watoto 1,037 waliozaliwa pale kati ya Aprili 1972 na Machi 1973 wamefuatiliwa tangu wana miaka 3 mpaka leo ni watu wazima wa miaka hamsini na kitu, wanapimwa meno, mapafu, akili, wanaulizwa habari za kazi na ndoa na pombe, na walipofika miaka 38 zaidi ya asilimia 90 ya waliokuwa hai walirudi kupimwa, waliohamia nchi nyingine wanasafirishwa kabisa warudi. We fikiria, sisi ambao kadi ya kliniki ya mtoto inapotea kabla hajaota jino. Mwaka 2003 watafiti wa pale, akiwemo Terrie Moffitt na Avshalom Caspi, waliwachukua wale waliokuwa na ugonjwa wa akili wakiwa na miaka 26 wakarudi nyuma kwenye mafaili yao. Nusu walikuwa wameshaonekana na tatizo kabla ya kufika miaka 15. Robo tatu kabla ya 18.

Lakini kilichonitoa usingizi ni kingine. Ungetegemea mtu mzima mwenye sonona utotoni alikuwa mtoto mpole mwenye huzuni, anakaa kona anachora. Wengine walikuwa hivyo. Ila waligundua kwamba uchukue ugonjwa wowote wa akili wa ukubwani, wowote ule, sonona ikiwemo, kati ya asilimia 25 na 60 ya wenye nao walikuwa utotoni wana historia ya ukaidi na tabia za kushindikana. Yaani wale wa karatasi ya wapiga kelele.

Hapo mama mwenye mtoto mtundu usitupe simu, subiri kwanza. Hiyo hesabu imepigwa kinyumenyume. Madereva wengi wa daladala walianza ukonda, haimaanishi kila konda atakuja kuwa dereva, makonda wengi wanaishia kufanya mambo mengine kabisa. Watoto watundu wengi wanakua, wanaoa, wanaolewa, wanalipa kodi, wanakuwa watu wa kawaida na wengine ndo wanakuja kuwa wakali kwa watundu wenzao. Nina binamu yangu alikuwa amemzidi kaka kwa mbali, aliuza saa ya ukutani ya babu, alitoroka shule mpaka mwalimu akasahau sura yake, ukimwambia twende kushoto anaenda kulia makusudi. Leo ni dalali wa viwanja Kigamboni, mnene, anacheka kuanzia asubuhi, hana hata dalili ya msongo. Wakati tupo hospitali na kaka nilikuwa namfikiria sana huyu binamu. Kwa nini yeye sio?

Lile swali la mkorofi wa namna gani ndo lilikuwa na jibu ndani yake. Mwaka 2009 Argyris Stringaris na Robert Goodman wa London walitoa kazi yao ambapo ukaidi wa watoto wameugawa mafungu matatu. Kuna wenye hasira za karibu, wanaoudhika na kila kitu, wanaokasirika haraka na kubaki wamekasirika. Kuna wabishi, wanaokataa amri, wanaobishana na wakubwa, wanaochokoza makusudi. Na kuna wenye roho ya kuumiza na kulipiza kisasi. Sisi wote hao tunawaita wakorofi na tunawapa dawa moja. Lakini fungu linaloelekea kwenye sonona na wasiwasi ni lile la kwanza, la hasira. Mwaka huohuo Stringaris na wenzake wa Marekani walionesha kwenye vijana wa jimbo la New York waliofuatiliwa miaka 20, kwamba kuudhikaudhika kwa ujanani kulitabiri sonona ya ukubwani. Ubishi wa binamu yangu ulikuwa ubishi tu, alikuwa anapenda kushinda, na akishinda analala vizuri. Kaka alikuwa haoni raha hata akishinda.

Ukifikiria si ajabu. Mwongozo ambao madaktari wa Marekani wanautumia kutambua magonjwa ya akili unasema kabisa kwamba mtu mzima mwenye sonona anaonekana na huzuni, ila kwa mtoto na kijana hali hiyo inaweza kuonekana kama kuudhika badala ya huzuni. Toleo la 2013 likaongeza na jina la watoto wenye hasira za kila siku zinazolipuka mara kwa mara, na jina hilo hawakuliweka kwenye sura ya utovu wa nidhamu, wakaliweka kwenye sura ya sonona. Mimi hiyo niliisoma mara tatu. Mwaka 1994 yule mtoto nyuma ya choo alikuwa anahesabiwa kwenye sura ya fimbo.

Sasa inatokaje huko kuja huku? Kuna sehemu ni ya damu tu, tafiti za mapacha zinaonesha hasira za karibu na sonona vinachangia mizizi, na nikimwangalia baba yangu miaka ile ya baada ya kiwanda, kimya kile, kukaa barazani na redio ambayo haijawashwa, naona sihitaji pacha kunithibitishia. Lakini sehemu nyingine inatengenezwa, na hii ndo inaniuma. Gerald Patterson na wenzake, akiwemo Deborah Capaldi, huko Oregon, Marekani, walikaa wanaangalia familia zinavyogombana nyumbani, dakika kwa dakika. Mzazi anaagiza, mtoto anabisha, mzazi anapaza, mtoto anapaza zaidi, mpaka mmoja anaachia. Akiachia mzazi, mtoto kajifunza kwamba kelele inalipa. Akiachia mtoto baada ya kipigo, mzazi ndo kajifunza hilohilo. Basi kesho wote wawili wanaanzia pale walipoishia jana. Huyo mtoto anaipeleka staili hiyo shuleni na kule inamgharimu mara mbili: masomo hayaendi kwa sababu muda wake mwingi yuko nje ya darasa amepiga magoti, na wenzake wanamkimbia. Anafeli darasani, anafeli kwa marafiki. Anafika miaka kumi na tatu kumi na nne anajitazama, anaona kweli, mi sina maana. Sonona hapo haijaanguka kutoka mbinguni. Ni majumlisho.

Kaka alikaa dawati la mwisho peke yake kuanzia la nne mpaka la saba. Peke yake, kwenye shule ambayo wengine tunakaa wanne wanne dawati moja. Nilikuwa namwonea wivu kwa nafasi.

Waingereza nao wana kundi lao la watu waliozaliwa wiki moja ya Machi 1946. Walipokuwa na miaka 13 na 15 walimu wao waliulizwa tabia zao, na Ian Colman na wenzake 2009 wakaangalia watu 3,652 wa kundi lile miaka 40 mbele. Karibu mmoja kati ya kumi walikuwa wameandikwa na walimu kuwa na matatizo makubwa ya tabia. Hao, mpaka wanaingia miaka ya hamsini, walikuwa wanasumbuliwa zaidi na sonona na wasiwasi, na ndoa na hela vilikuwa vinawasumbua pia. Mi kinachonishangaza hapo ni kwamba mwalimu wa 1959 aliona. Aliona kitu kweli, aliandika kabisa, ila alichoandika ni kwamba mtoto ni tatizo, na likabaki kwenye faili.

Kuna utafiti mmoja naupenda kuliko yote kwa sababu unanirudisha kwa baba na kiwanda. Kule North Carolina, tangu 1993, Jane Costello na wenzake walikuwa wanafuatilia watoto 1,420, na karibu robo yao walikuwa Wahindi Wekundu wa kabila la Cherokee. Katikati ya utafiti, bila mtafiti yeyote kupanga, kabila likafungua kasino kwenye ardhi yao na kila familia ikaanza kupata mgao wa faida, bila masharti. Familia kama asilimia 14 zikatoka kwenye umaskini. Basi bwana, watoto wa familia hizo zilizotoka, ukaidi na vurugu zikashuka mpaka zikalingana na za watoto ambao hawajawahi kuwa maskini. Hawakuletewa mwanasaikolojia wala mjomba kutoka Matombo. Na walipotafuta sababu, kubwa waliyoona ni kwamba wazazi walipata muda wa kuwaangalia watoto wao. Muda tu. Nikamkumbuka mama na maandazi yake saa kumi na moja alfajiri.

Ila sitaki kudanganya, huzuni na wasiwasi wa watoto wale haukushuka na hela. Kwa hiyo hata kama baba asingepunguzwa kazi, labda bakuli zisingeruka sana, ila sijui kama kaka angeacha kwenda nyuma ya choo.

Na fimbo je? Mama ana khanga imeandikwa mchelea mwana kulia hulia yeye na anaivaa kwa makusudi akija kuwaona wajukuu. Kwetu fimbo ndo jibu la kwanza. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walishafanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kufika miaka 18. Tobias Hecker na wenzake wakawahoji watoto 409 wa shule ya msingi hapahapa nchini, kazi ikatoka 2014, asilimia 95 walikuwa wameshachapwa, na waliochapwa kwa ukali zaidi ndo waliokuwa na tabia ngumu zaidi. Najua utasema kuku na yai, labda wanachapwa kwa sababu ni wagumu. Sawa. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, kwa dozi aliyopata kaka yangu leo angekuwa askofu. Kanuni za shule zetu zenyewe zinasema viboko visizidi vinne na achape mwalimu mkuu au aliyeteuliwa naye. X tatu za siku ya malaria alilipwa Jumatatu aliporudi, na aliyechapa alikuwa mwalimu wa zamu tu.

Haya, turudi kwenye kutulia, maana hapo ndo ninapojilaumu. Mtu mpole akinyamaza zaidi, kuna atakayeuliza. Mkorofi akinyamaza nyumba nzima inapumua. Kaka alipoacha kwenda kijiweni, tukasema kaacha makundi mabaya. Alipoacha kuangalia mpira, mtu ambaye alikuwa Simba wa kulia machozi, tukasema kakua. Alipokonda tukasema kaacha pombe. Alipokuwa haamki Jumapili tukasema kazi za gereji zinachosha. Kila dalili tulikuwa na sifa yake. Tulikuwa tumempa jina tangu ana miaka saba na jina lile halikuwa na nafasi ya kuumwa ndani yake, mkorofi haumwi, mkorofi anajifanya.

Halafu neno lenyewe. Sonona ni neno la hospitalini na la kwenye redio, nyumbani kwetu halijawahi kutamkwa. Mama anasema mawazo, fulani ana mawazo, ila mawazo ni ya mjane, ni ya aliyefiwa, ni ya mwanamke aliyeachwa. Wazimbabwe wana neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Harare, alilichukua hilohilo neno la watu akawafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuongea nao. Walipoipima kwa kliniki 24 wakatoa majibu 2016, waliokaa na bibi walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Sisi mtu akisema anataka kuonana na daktari wa akili utani wa kwanza ni Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Kaka mwenyewe siku ya kwanza aliniuliza, mnanipeleka Dodoma?

Hatukumpeleka Dodoma. Alipewa vidonge na akaanza kwenda kuongea na yule mama kila baada ya wiki mbili, miezi mitatu ya kwanza alikuwa analalamika kwamba nauli inaenda bure na vidonge vinamkausha mdomo, mwezi wa nne akaniambia amelala mpaka asubuhi. Kuna siku alitoka kule akanikuta kwenye benchi akasema, yaani kaniuliza nilikuwa nalia nini. Nikasema wapi? Akasema nyuma ya choo. Sikujua kama alijua kwamba tulikuwa tunamwona.

Nilipomweleza mama kwenye simu, kwamba ule utulivu ulikuwa ugonjwa, alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akauliza, sasa ile misa? Sikuwa na jibu. Hajaomba msamaha na sitegemei, ila kila basi la jamaa tunayefahamiana linalotoka Morogoro siku hizi linakuja na ndoo ya ndizi ya kaka, yenye jina lake kwa kalamu nzito, na sisi wengine tunaonja kwa ruhusa.

Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu, na mwaka jana mwalimu aliandika kwenye grupu la wazazi, mbele ya watu 46, kwamba mtoto wangu amezidi. Zamani ningefika na fimbo yangu mwenyewe kwa aibu. Nilienda, nikamuuliza mwalimu, amezidi nini? Anabisha, anachokoza, au anakasirika? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, kisha akafikiri kweli, akasema anachokoza, anacheka sana, hawezi kukaa. Nikashusha pumzi. Huyo ni wa binamu. Anahitaji kukimbia na kuwekewa mipaka, na tunahangaika naye, ila nyuma ya choo hakuna mtu. Huyohuyo mwalimu akanionesha mtoto mwingine, wa dawati la mwisho, akasema labda yule ndo unayemsema. Sijui ikawaje, sio mtoto wangu, ila amehamishiwa mbele, hilo nimeliona.

Desemba tulikuwa na kikao cha familia Morogoro, kuhusu uzio wa shamba la marehemu baba, michango ilikusanywa tangu mwezi wa tano na uzio haupo. Kaka alikuwa amekaa palepale pembeni na soda yake. Mjomba akasoma hesabu. Kaka akauliza swali moja, akajibiwa juujuu, akauliza tena, mjomba akasema we kijana usinivunjie heshima, basi kaka akapiga meza mpaka glasi zikaruka, akasimama, akaongea kwa sauti ambayo sijaisikia tangu 2018, akatoka nje akabamiza mlango. Kimya. Mama akanigeukia, mkono umeshika kifua. Baada ya dakika tano mlango ukafunguliwa, kaka ameshika mfuko wa soda za baridi, akagawa kwa kila mtu kuanzia kwa mjomba, akakaa, safari hii akakaa mezani, akasema haya tuendelee, nimeuliza nondo ni shilingi ngapi.

Na kusema kweli kuhusu hizo nondo alikuwa sahihi, hela ilikuwa imepigwa.